KIRAKA CHA MTU MMOJA, NGUO YA WATU WENGI

Karibu kila nyumba ina kikapu cha vitambaa vilivyobaki. Mama hatupi kipande kizuri, kwa kuwa anajua kwamba iko siku suruali ya mtoto itatoboka magotini. Siku hiyo atachagua kipande kinachofaa, atakipima juu ya tundu, atakishona, na mtoto atakwenda shule kama wenzake.

Juma hili nataka kuwaelezeni habari za viraka vya namna nyingine, visivyoshonwa kwa sindano bali kwa maandishi. Ni viraka vya programu za kompyuta. Wanaovishona hawalipwi hata senti moja, na wengi wao hawajaonana uso kwa uso, walakini kazi yao imedumu miaka mingi. Kazi hiyo ina taabu yake. Katika nyumba zetu wamo vijana wengi wanaojifunza kompyuta, na yafaa waijue taabu hiyo kabla hawajaingia, ili wakiingia wasitoke kwa aibu.

MSIMAMIZI WA MADIRISHA

Mtu akiwasha kompyuta huona mbele yake visanduku. Katika kimoja anaandika barua, katika cha pili anasoma habari, katika cha tatu anapiga hesabu. Visanduku hivyo huitwa madirisha. Iko programu ambayo kazi yake ni kuyapanga tu: hili likae wapi, liwe na upana gani, lipi liwe mbele na lipi nyuma. Programu hiyo ndiyo msimamizi wa madirisha. Watu wengi hawajui hata kama ipo, kama vile mgeni arusini asivyomjua mtu aliyepanga viti. Lakini siku viti visipopangwa, kila mtu hujua.

Wanaotumia Linux wana wasimamizi wengi wa kuchagua. Mmoja wao huitwa dwm. Alianzishwa mwaka 2006 na Anselm R. Garbe, naye hutunzwa na kikundi cha mafundi kiitwacho suckless. Huyapanga madirisha kama vigae vya sakafuni, yasilaliane: dirisha kubwa la kazi hukaa upande wa kushoto, na mengine hufuatana upande wa kulia, moja chini ya jingine. Mtumiaji huyaamrisha kwa kibodi zaidi kuliko kwa kipanya.

Jambo la ajabu ni udogo wake. Wenyewe wameweka mpaka kwamba maandishi yake yasizidi mistari 2,000. Kiini cha Linux peke yake kimekwisha kupita mistari milioni 30! Maana yake ni kwamba kijana aliyejifunza lugha ya C aweza kuisoma dwm yote, toka mwanzo hata mwisho, kwa siku chache, akaielewa. Ni programu chache zilizobaki ambazo mtu mmoja aweza kusema hivyo juu yake.

Tena, dwm haina ukurasa wa kubonyeza ili kubadili rangi au vifungo. Anayetaka kubadili kitu hufungua faili iitwayo config.h, huandika atakavyo, kisha huijenga programu upya, kazi ya sekunde chache tu. Wenyewe wameandika waziwazi kwamba mtindo huo hupunguza idadi ya watumiaji, wala hawasikitiki. Leseni yake humruhusu mtu yeyote kuichukua, kuibadili na kuwapa wengine, mradi asiwafute wenye haki walioandikwa ndani yake.

KIRAKA HUSHONWAJE?

Nguo ndogo namna hii haiwezi kuwaenea watu wote. Mmoja ataka pawe na nafasi kidogo kati ya dirisha na dirisha, ili macho yapumzike. Mwingine ataka programu zake zianze zenyewe kila anapowasha kompyuta. Wote wakipeleka haja zao kwa wenye dwm, mara nyingi jibu ni hapana. Lakini hapana hiyo ina mlango wa pembeni: “Ushone mwenyewe, kisha ukiweke hapa wengine wakione.” Kwa sababu hiyo viraka vimezidi mamia, vimewekwa pamoja mahali pamoja, kila mtu achague chake.

Kiraka chenyewe ni faili ndogo inayoeleza tofauti kati ya maandishi ya zamani na mapya. Mstari wa kuondolewa hutiwa alama ya kutoa, na mstari wa kuongezwa hutiwa alama ya kujumlisha. Juu na chini yake huachwa mistari, kwa kawaida mitatu mitatu, ambayo haikubadilika. Hiyo ni kama alama za njiani: “Ukiuona mwembe, kisha kisima, nyumba ni ile ya tatu.”

Vyombo vya kazi hii ni vya zamani. Programu iitwayo diff, inayolinganisha maandishi mawili na kuonyesha yalipoachana, ilitengenezwa na Douglas McIlroy katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na mwaka 1985 Larry Wall aliwapa watu programu iitwayo patch, inayokisoma kiraka na kukishona mahali pake. Programu hizo bado hutumika kila siku.

Hii patch si mjinga. Ikiwa mahali palipokusudiwa pamesogea mistari kumi chini, huzitafuta zile alama za njiani, hushona hapo, na humwambia mwenyewe kwamba mahali pamesogea. Lakini ikiwa mwembe umekatwa na kisima kimefukiwa, hukataa. Kipande kilichokataliwa hukiweka kando katika faili yenye mwisho wa .rej, na hapo binadamu hana budi kushika sindano mwenyewe.

KIJANA NA ZAWADI YAKE

Sasa na tumchukue kijana mmoja kwa mfano. Anaipenda dwm, lakini anakasirishwa na jambo dogo. Usiku mmoja analitafuta katika maandishi, anaongeza mistari thelathini, anaijenga upya, na tazama, yafanya kazi! Furaha yake haisemeki. Kesho yake anataka kuwapa wenzake.

Hapo anakutana na masharti. Kiraka kimoja kiwe na jambo moja tu. Ikiwa mwenyewe alibadili na rangi zake za kupenda, aziondoe. Jina la faili litaje programu, litaje kiraka, na litaje toleo la dwm kilichoshonewa. Ikiwa kimeshonewa maandishi mapya ambayo bado hayajatolewa rasmi, basi itajwe tarehe na alama fupi ya mabadiliko yale. Pawe na maelezo mafupi ya kazi yake, na jina la aliyekitengeneza.

Kijana aweza kunung'unika: “Kwa mistari thelathini, sheria zote hizi!” Lakini kila sharti lina sababu yake. Kiraka chenye mambo mawili humlazimisha mtu kupokea la pili asilolitaka. Kiraka kisichotaja toleo humpotezea mgeni jioni nzima, akijaribu kukishona katika nguo isiyo yake. Na kiraka kisichokuwa na jina la mtu ni yatima tangu siku ya kuzaliwa.

Liko na tego moja linalowanasa karibu wageni wote. Faili config.h ni ya mtumiaji mwenyewe. Iko nyingine, config.def.h, yenye mipango ya awali. Kiraka hubadili ile ya pili. Mtumiaji mwenye config.h yake ya zamani akijenga upya, programu huitazama hiyo yake, haioni maneno mapya, nayo hukataa kujengwa. Mtu hudhani kiraka ni kibovu, kumbe ni kazi yake kuyahamisha maneno hayo kwa mkono. Mtoaji mwema husema jambo hilo katika maelezo yake, na kwa mstari mmoja amewaokoa watu wengi.

NGUO HAIKAI ILIVYO

Basi, kijana ametoa zawadi yake, na miezi ya kwanza yote ni heri. Taabu huanza siku ile nguo yenyewe inapobadilika.

Toleo 6.0 la dwm lilitoka mwezi Desemba 2011, na toleo 6.1 likafuata Novemba 2015. Katikati ya miaka hiyo minne, kazi ya kuchora maandishi na rangi kwenye kioo ilitolewa katika faili kubwa ikapewa faili yake yenyewe. Kila kiraka kilichogusa uchoraji kikawa hakina pa kushikilia. Mwaka 2019 lilikuja toleo 6.2, na namna ya kuandika rangi ikawa nyingine. Watu wakashona tena. Kisha yakaja matoleo mawili katika mwaka mmoja, 6.3 mwezi Januari 2022 na 6.4 mwezi Oktoba. Mwezi Machi 2024 likatoka 6.5. Wenye dwm hawakufanya hayo kwa ubaya. Walikuwa wakifagia nyumba yao. Lakini kila walipofagia, mafundi wa viraka waliamka na kazi mpya.

Chukueni mfano wa kiraka kiitwacho pertag. Katika dwm madirisha hutiwa alama kwa namba, toka 1 hata 9, na mtu huita namba anayotaka ayaone madirisha yake. Ilivyo asili, mpango wa madirisha ni mmoja kwa namba zote. Kiraka cha pertag huipa kila namba mpango wake: namba ya barua ipangwe hivi, namba ya hesabu ipangwe vile. Ni kiraka kipendwacho mno. Ukiangalia mafaili yake utaona moja la 6.0, jingine la 6.1, jingine la 6.2, na mengine ya tarehe za katikati. Na majina ya waliokishughulikia ni mengi. Kiraka hicho hakikudumu kwa sababu fundi wa kwanza alikuwa hodari tu. Kimedumu kwa sababu alipochoka mmoja, wa pili aliichukua sindano.

Vingine havikupata bahati hiyo. Vimeandikwa toleo la zamani, na tangu hapo kimya. Ukivijaribu leo, patch hukurudishia vipande vyote.

Tena viraka hugombana. Kimoja hubadili mstari fulani, na cha pili kilitaka mstari huohuo ukae ulivyokuwa. Mtu mwenye viraka kumi ana jozi 45 zinazoweza kugombana, na hakuna fundi awezaye kuzijaribu zote. Ndiyo maana mafundi wengine wamevikusanya viraka vingi katika mfuko mmoja, kila kimoja na swichi yake ya kuwasha na kuzima. Mfuko mmoja wa namna hiyo huitwa dwm-flexipatch. Humrahisishia mtumiaji kazi, lakini mgogoro wenyewe haukwisha. Umehamia tu mabegani mwa mtu mmoja anayeutunza mfuko.

KWA NINI WENYEWE HUKATAA?

Hapo msomaji aweza kuuliza: kwa nini wenye dwm wasivipokee viraka hivi ndani, taabu ikaisha? Je, si choyo?

Nimelifikiri swali hili, na kwa maoni yangu si choyo. Kila kitu kinachopokewa ndani huwa mzigo wa mwenye nyumba daima. Aliyekileta aweza kuondoka kesho, ameoa, amepata kazi, amesahau. Lakini kikivunjika, wote humgeukia mwenye nyumba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wenye dwm humpa mgeni jembe siku ile ile ya kwanza: “Ulichokileta ni chako, kakilime.” Ni neno kali, lakini limeifanya programu yao ibaki ndogo na kueleweka kwa karibu miaka 20.

Hata hivyo ukali huo una gharama, na haki yataka tuitaje. Mzigo ambao mwenye nyumba ameukataa haupotei, bali humwangukia fundi mdogo aliye peke yake. Yeye hana kikundi, na mara nyingi hata shukrani haipati. Mtu akifurahi na kiraka hukaa kimya. Kikiharibika, hapo ndipo huandika: “Mbona hakifanyi kazi? Lini utakitengeneza?” Yule kijana wetu, aliyetoa mistari thelathini kwa furaha, aweza kujikuta baada ya miaka mitatu akiogopa kuzifungua barua zake.

UCHOVU HUFUNGUA MLANGO

Jambo hili si dogo. Mwaka 2024 ulitokea mkasa uliowashtua mafundi wa dunia nzima. Haukuwa wa dwm, bali wa programu nyingine huria iitwayo XZ Utils, ambayo hubana mafaili yachukue nafasi ndogo, na imo katika kompyuta nyingi mno za Linux. Mtunzaji wake alikuwa akiifanya kazi hiyo bila malipo. Alikwisha kusema hadharani kwamba nguvu zake zimepungua, na huku watu wakimsonga kwa manung'uniko kwamba anachelewa. Akatokea msaidizi mpole na mchapa kazi, akasaidia muda mrefu, akaaminiwa, akapewa funguo. Kisha akaingiza mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1, ili waovu waweze kuingia katika kompyuta za watu.

Mwezi Machi mwaka huo Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kwamba kuingia katika kompyuta kutoka mbali kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Hakupuuza. Alifuatilia mpaka akaukuta mlango, kabla haujaenea mahali pengi. Nusu sekunde, na macho ya mtu mmoja asiyepuuza!

Tujifunze mambo mawili. La kwanza, anayemsonga fundi aliyechoka huenda anamfungulia mwizi mlango bila kujua. La pili, kiraka cha mtu usiyemjua ni mgeni katika nyumba yako. Msimamizi wa madirisha hufanya kazi kwa haki zako wewe mwenyewe. Huyaona madirisha yako yote, na amri aliyoficha mtu mbaya ndani yake itatekelezwa kana kwamba umeitoa wewe. Kwa hiyo soma kabla hujashona. Uzuri wa viraka vya dwm ni kwamba vingi ni vifupi, na mtu aweza kuvisoma mstari kwa mstari kwa jioni moja. Asiyeweza kuvisoma bado, na amwombe anayeweza.

NENO KWA VIJANA, NA KWETU SOTE

Basi ninyi vijana mnaotaka kuingia katika kazi hii, ingieni, ni shule nzuri isiyodai karo. Lakini msianze kwa kushona kiraka kipya. Tafuteni kimoja cha zamani kinachopendwa ambacho kimekosa mtu, kishoneni upya kwa toleo la leo, mkiacha jina la fundi wa kwanza mahali pake na kuongeza lenu chini. Kazi hiyo haileti sifa kubwa, lakini itawafundisha kusoma maandishi ya mtu mwingine, na huo ndio ufundi wenyewe.

Mkitoa kiraka chenu, semeni kweli: kimeshonewa toleo gani, kinagombana na kipi, na hamjakijaribu wapi. Na siku mkichoka, msitoroke usiku. Andikeni mstari mmoja tu: “Mimi siwezi tena, anayetaka na akichukue.” Leseni yamruhusu mwingine kukichukua, lakini hajui kwamba kiti ki wazi mpaka aambiwe. Kusema hivyo si aibu. Aibu ni kuwaacha watu wakingoja mlangoni pa nyumba isiyo na mtu.

Nasi tunaotumia kazi za wengine bure, tuna wajibu wetu. Ukiona kiraka kimekufaa, mwandikie fundi maneno mawili ya asante. Ukikiona kimeharibika, mweleze kwa utaratibu: toleo lipi, umefanya nini, umeona nini, na ukiweza, mpelekee marekebisho pamoja na lawama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ufa wa kazi hii mara nyingi huwa moyoni mwa fundi kabla haujaonekana katika maandishi yake.

Mama akishona suruali ya mtoto, mtoto hukua, na kiraka cha mwaka jana hakimtoshi mwaka huu. Mama halalamiki kwamba alikwisha kushona. Huvuta kikapu chake, hutafuta kipande kingine, na akiwa amechoka humwita binti yake aje ajifunze kutia uzi katika sindano.